Tochi Haina Ugonjwa

Kama kuna neno lililonizeesha kabla ya wakati, ni hili: hafifu. Mume wangu Marselino alikuwa nalo mdomoni kutwa. "Mama Nyamizi, tochi hafifu." "Mama Nyamizi, mwanga hafifu kabisa, hebu itazame tena." Naitazama, naifungua, naifunga, namrudishia. Kesho yake huyo anarudi nayo, kaishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, na neno lake ni lile lile.

Sasa mnielewe. Mimi Esta ndiye niliyekuwa fundi wa tochi pale machimboni, nyuma ya Masumbwe, miaka ile ya themanini watu walipokuwa wakimiminika kutafuta dhahabu kwa nyundo na tindo. Mtu akitaka wa kumshonea viatu alikuwa na wa kuchagua. Akitaka pombe, ndio usiseme. Lakini tochi ilikuwa kwangu tu, chini ya kibanda changu cha nyasi, penye meza moja na kigoda kimoja. Kwa hiyo mwanamume anapotoka nyumbani kwa fundi wa tochi, akaenda kusimama mbele za watu na kusema tochi yake haiwaki vizuri, hebu niambieni, hapo anamtukana nani?

Ufundi wenyewe niliupata Kahama mjini, katika duka la mama mmoja wa Kihindi, Taramati, ambaye wote tulimwita Mama Anar kwa jina la binti yake. Nilikuwa nikimfulia na kumfagilia duka. Wateja walipokuwa wakirudisha tochi na kufoka kwamba wameuziwa takataka, Mama Anar hakubishana nao. Alikuwa akiweka tochi mezani, anavaa miwani yake, anaifungua kwa bisibisi ya cherehani, na mimi nasimama na ufagio wangu natazama. Siku moja akaniambia, "Esta, weka ufagio chini, kamata hii." Basi nikakamata, na mpaka leo sijaachia.

Tochi ikififia, kwanza unatoa betri unazitazama kitako. Zikiwa zimetoa ule ute mweupe, unafuta kwa kitambaa chenye majivu makavu. Unakwaruza springi mpaka ing'ae, maana kutu ndiyo inayoiba mwanga. Unakaza kile kibati cha swichi, unafuta kioo cha mbele, halafu kile kikombe kinachong'aa nyuma ya globu unakipangusa kwa pamba, taratibu, usikiguse kwa kidole cha mafuta. Globu ikiwa imeingia weusi ndani, itupe, hiyo imekwisha. Na betri zikichoka unazianika juani juu ya bati, unazigeuza kama mihogo, zinapata nguvu ya kukusogeza siku mbili tatu. Hayo yote nilikuwa nikiyafanya nikiwa nimefumba macho. Na hayo yote niliyafanya kwenye tochi ya Marselino mpaka nikaichukia ile tochi.

Lakini huwezi kujua kwa nini jambo lile lilinipandisha mori kiasi kile kama hujui taratibu za pale.

Mume wangu alikuwa akichimba katika duara la Pantaleo. Duara ni shimo lenyewe, wachimbaji ndivyo wanavyoliita. Pantaleo alikuwa mtu wa makamo, mkali, mwenye mila zake. Mila ya kwanza ilikuwa mstari wa majivu. Alikuwa amezungushia duara lake mstari mpana wa majivu, na mwanamke haruhusiwi kuuvuka. Waliamini mwanamke akikanyaga ndani ya mstari ule dhahabu inakimbia, na mwamba unakasirika. Akivuka, duara linafungwa. Hashuki mtu mpaka mganga aje kutoka kwao Pantaleo, mbali huko, achinje, apulizie, ndipo kazi ianze upya. Kwa hiyo mimi niliyekuwa nikizitengeneza tochi zao zote, sijawahi hata siku moja kuona zinavyomulika huko chini. Nikisema neno, naambiwa, "Wewe mama hujui chini kukoje."

Mila ya pili ilikuwa kupimana tochi. Kila asubuhi, kabla ya kushuka, walikuwa wakiingia katika kibanda cha kuwekea vifaa, wanateremsha gunia la mlangoni kunakuwa giza, halafu kila mmoja anamulika ungo uliotundikwa ukutani. Yule ambaye tochi yake inang'arisha ungo kupita wenzake ndiye anayetangulia siku hiyo. Anayetangulia ndiye anayetazama dari la mwamba, anatafuta nyufa, anasema hapa pana usalama, hapa tuweke nguzo, hapa tusipite. Wenzake wote wanakanyaga alipokanyaga yeye. Na heshima yake juu ya ardhi ni hiyo hiyo, akikaa kilabuni anapishwa kiti.

Na mume wa fundi wa tochi, mnadhani tochi yake ilishindwa na nani? Marselino alikuwa akitangulia karibu kila siku. Nilikuwa nikimwekea globu bora na betri bora, na ninakiri nilikuwa nikiona fahari. Ndiyo maana maneno yake yalikuwa yakinikata maini. Wenzake wanasema ungo umewaka mpaka unaziona fito zake moja moja, yeye anatoka kibandani anatikisa kichwa, "Hafifu." Wenzake wanacheka, wanasema Marselino haridhiki, anataka jua lishuke naye shimoni. Lakini si wote waliocheka. Mmoja akaanza kusema labda Mama Nyamizi anatia betri za kuanikwa na kuziuza kama mpya. Mwingine akapeleka tochi yake mpaka Masumbwe kwa mtu wa redio, akarudi nayo imekufa kabisa, na bado akanilaumu mimi!

"Baba Nyamizi," nikamwambia siku moja, "unaniharibia soko. Nikuwekee nini tena? Nikung'oe jino nilitie humo ndani?"

"Mimi nasema ninachokiona," akanijibu. "Mwanga una ukungu. Unatawanyika. Haushiki mahali."

"Ukungu! Nimefuta kioo mpaka kimekaribia kutoboka."

"Basi futa tena."

Loo! Nilikunja ngumi chini ya meza. Nikaifuta tena.

Mdogo wangu Thobias, kitinda mimba wa mama yetu, alikuwa katika kundi lile lile. Yeye ndiye aliyekuwa akishuka nyuma ya Marselino, mguu kwa mguu. Thobias alimpenda shemeji yake kuliko alivyonipenda mimi. Alikuwa akija kibandani kwangu na kusema, "Dada, mtengenezee shemeji tochi vizuri bwana. Juzi kagonga kichwa kwenye mwamba mara mbili, mwanga hautoshi." Yaani hata damu yangu mwenyewe ikaungana nao.

Nikaona isiwe taabu. Nikaifunga tochi ile katika kitambaa, nikapanda lori la mpunga mpaka Kahama, nikaenda kwa Mama Anar. Alikuwa amezeeka, ameketi kwenye kiti chake mbele ya rafu, lakini bisibisi ile ya cherehani ilikuwa bado kwenye droo.

"Shikamoo Mama Anar."

"Marahaba Esta. Umekonda. Mume?"

"Mume na tochi yake."

Akaifungua. Akatazama springi, akatazama swichi, akaipeleka globu kwenye jua na kuigeuza. Halafu tukaingia stoo nyuma ya duka, akafunga mlango, tukaiwasha tukaimulika ukutani penye magunia ya chumvi. Akachukua mpya kutoka kwenye boksi, ya aina ile ile, akaiwasha pembeni yake. Jamani, yangu iliishinda ile mpya! Duara la mwanga wangu lilikuwa jeupe, kingo zake zimekatika sawasawa, na ile mpya ilikuwa na doa la manjano katikati.

Mama Anar akazima zote mbili. "Esta," akasema, "tochi hii haina ugonjwa."

"Sasa kwa nini ananisumbua?"

"Mimi nauza tochi. Mume wako simjui," akasema, akanirudishia.

Njia nzima kurudi nilikuwa nikisemea moyoni yale nitakayomwambia Marselino. Nilikuwa nimeyapanga vizuri kabisa, na mengine hayafai kurudiwa hapa. Nilitundika ukutani chumbani kwetu gunia jeupe la unga, nililokuwa nimelikata na kulikunjua, nikasema sasa pimio liko humu humu ndani, asinitafutie kisingizio cha ungo wa Pantaleo. Chumba chetu kilikuwa na kidirisha kidogo, ukikiziba kwa tambara kunakuwa giza hata saa nne asubuhi.

Tukabishana mbele ya gunia lile wiki nzima. Namulika, nasema, "Haya, hilo ni nini?" Anasema, "Naona, naona, lakini hafifu." Siku nyingine nabadilisha globu, anasema ile ya jana ilikuwa bora. Naweka ile ya jana bila kumwambia, anasema hii ya leo ndiyo mbaya kuliko zote. Mayu wane, mama yangu! Mtu unaweza kwenda wazimu na watu wakakuzika bila kujua kilichokuua.

Asubuhi moja nilikuwa nimeifungua ile tochi niipanguse kwa mara ya mwisho kabla Marselino hajaondoka. Kazi ya siku hiyo ilikuwa kubwa. Walikuwa wamefungua njia mpya ubavuni mwa duara, na Thobias alikuwa amenieleza jana yake kwamba dari lake bado halijatazamwa, na kwamba anayetangulia ndiye atakayelisoma. Nikaitoa globu, nikaifunga kwenye pindo la khanga isije ikapotea, nikawa nafuta kikombe. Mara nasikia uji unamwagika jikoni unazima moto. Nikafunga kichwa cha tochi haraka haraka, nikaiacha kitandani, nikakimbia.

Niliporudi, nikamkuta Marselino amekwisha kuziba kidirisha, amesimama chumbani gizani. Ameichukua tochi, kaibonyeza swichi, nimeisikia ikilia ta! Anaielekeza kwenye gunia. Mimi hasira za uji ziko hapa kooni, nikamfokea kutoka mlangoni, "Haya sema! Leo je? Hafifu?"

Akageuza uso kwenye gunia. Nadhani alikuwa amechoka na ugomvi. Nadhani alitaka, kwa siku moja tu, nisipige kelele.

"Leo afadhali," akasema. "Leo umeiweza, Mama Nyamizi. Mwanga safi kabisa."

Nikalitazama gunia. Giza. Giza tupu, hakuna hata doa. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye pindo la khanga, nikaikuta globu imo humo, kajiwe kadogo ka kioo, bado imefungwa.

Nikaketi ukingoni mwa kitanda, na yale maneno yote niliyoyapanga kutoka Kahama yakapotea. Nilichoanza kukiona ni mambo mengine. Jinsi alivyoacha kunisaidia kuchagua mchele. Jinsi alivyokuwa akitia kidole ndani ya kikombe nikimmiminia chai, mimi nikamwambia ana tabia mbaya. Jinsi watu walivyolalamika kwamba Marselino siku hizi anaringa, anapishana na watu njiani bila salamu. Yote hayo niliyaona na kuyafokea, moja moja, kama mambo yasiyohusiana.

Nikainuka, nikaichukua tochi mkononi mwake, nikarudisha globu mahali pake, nikamgeuza uso nikammulika machoni. Katikati ya jicho la kushoto palikuwa peupe, weupe wa uji. La kulia nalo lilikuwa limeanza.

"Toa hiyo tochi," akasema.

"Tangu lini?"

Alipapasa mpaka akapata kitanda, akaketi nilipokuwa nimeketi mimi. "Tangu mvua za mwaka jana," akasema. "Lilianza moja. Nikasema ni vumbi, litatoka. Mchana naona vivuli vya watu, natembea. Lakini chini, mama... chini nimebaki na mikono."

"Na bado unatangulia!"

"Naugonga mwamba kwa nyundo nausikiliza. Mwamba mbovu una sauti yake."

"Na ufa je? Ufa nao una sauti?"

Akafuta macho kwa kiganja.

"Nyuma yako yuko Thobias," nikamwambia. "Mtoto wa mama yangu anaweka mguu unapoweka wewe. Baba Nyamizi, leo mnaingia njia mpya. Utawaambia nini ukifika kwenye lile dari?"

"Nitaligonga."

Mungu wangu! Nilitaka kumzaba kibao, na nilitaka kumkumbatia, na sikufanya hata kimoja. Nikamwambia akamwambie Pantaleo leo hii, sasa hivi. Akasimama. Sijawahi kumsikia akiongea kwa sauti ile. "Nikimwambia Pantaleo, kesho nitakuwa mtu wa kushikwa mkono kupelekwa chooni. Watakuja hapa kunipa pole na kunywa uji wako. Mvua nyingine ikija tutagawana mawe yaliyotoka, ndipo nitaacha kwa heshima. Lakini leo siwezi. Na wewe ukifungua mdomo, Esta, mimi na wewe basi."

Aliniita Esta. Tangu Nyamizi azaliwe alikuwa hajaniita jina langu. Akachukua tochi yake, akaifunga kichwani kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, kama wachimbaji wote, akatoka. Alitembea wima, anahesabu njia kwa miguu, na mtu asiyejua angesema huyu ni mwanamume anayekwenda kazini kwake.

Nikabaki nimesimama katikati ya chumba. Nikisema, namvua mume wangu nguo mbele za watu, na hatanisamehe. Nisiposema, namzika, na juu yake namzika mdogo wangu, na wengine walio nyuma yao. Na ya tatu haikuwepo. Nilizunguka chumba kile kama kuku anayetafuta pa kutagia. Halafu nikasikia kelele za vijana kule duarani, wanacheka, ndiyo kusema wametoka kibandani kupimana. Nikajua kabisa nani kashinda. Nilikuwa nimemtengenezea tochi hiyo kwa mikono yangu.

Hapo ndipo nilipoukumbuka ule mstari wa majivu.

Nilikimbia. Mama wa watu, mwenye binti aliyekwisha kuolewa Kagongwa, nikakimbia peku nimeshika khanga juu ya magoti. Walikuwa wamekusanyika mdomoni mwa duara. Marselino alikuwa amekwisha kuingiza mguu mmoja kwenye kitanzi cha kamba. Pantaleo aliponiona nakuja akanyoosha mkono, "Mama Nyamizi, simama hapo! Simama!" Sikusimama. Nilikanyaga majivu yale kwa miguu yote miwili, nikapita katikati yao, nikaenda kuketi juu ya gogo la kufungia kamba ya kushukia, katikati kabisa, nikatandaza miguu.

Halafu wakalipuka wote pamoja. Nilitukanwa siku ile matusi ambayo sijui hata yalitungwa wapi. Pantaleo alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mwanamke, umetuua! Unataka nini huku? Nani kakutuma?"

Sikuwa nimefikiria jibu. Nikasema lililokuja. "Nimemletea mume wangu globu ya akiba."

"Globu!"

"Kasahau globu ya akiba. Anasema tochi hafifu kila siku, leo nikasema nimletee."

Wakanitazama kama mwendawazimu. Marselino alikuwa ameutoa mguu kwenye kitanzi, amesimama, uso umeelekea niliko lakini kidogo pembeni. Yeye peke yake ndiye aliyejua.

Lakini aliyeniumiza ni Thobias. Akaja mpaka usoni kwangu, mdogo wangu niliyembeba mgongoni, machozi ya hasira yanamtoka. "Dada, una akili kweli? Umenitia aibu. Hata ningekuwa nakufa humo chini, hupaswi kukanyaga hapa." Akatema mate chini, akaondoka. Na mimi nimeketi pale juu ya gogo, neno liko ulimini, neno moja tu lingetosha kumrudisha, na siwezi kulisema. Jamani, kuna hasira unaweza kuitoa kwa kupiga kelele, na kuna ile ambayo unaimeza ikakukaa tumboni miaka. Ile ninayo mpaka sasa.

Duara likafungwa. Mganga akaitwa, na mbuzi wa kuchinjwa wakasema atatoka kwangu, beberu wangu mweusi niliyemlea mwenyewe. Nikawapa. Wakati wao wanamsubiri mganga wao, mimi nikampandisha Marselino kwenye lori. Watu walisema anamrudisha mkewe kwao kwa aibu. Tukafika Kahama, Mama Anar akatulaza stoo, kwenye magunia yale yale ya chumvi. Asubuhi akamtazama Marselino, akamfunua kope kwa kidole gumba kama afanyavyo kwa swichi, akasema, "Mtoto wa jicho." Akatueleza hospitali ya misheni wanakopasua macho, na lori la kupanda.

Njiani Marselino hakuongea nami. Hospitalini hakuongea nami. Walimpasua lile la kushoto kwanza, wakamfunga kitambaa, na mimi nikalala chini ya kitanda chake nikisikia anavyogeuka. Siku moja, bila kuniangalia, maana hata angetaka asingeweza, akauliza, "Globu ya akiba ulikuwa nayo kweli?"

"Nilikuwa nayo. Kwenye khanga."

Akacheka kwa pua, basi. Ndiyo ilikuwa samahani yake, au shukrani, sijui, na wala sikumwuliza.

Tukarudi machimboni. Mganga alikuwa amekuja na kuondoka. Katika njia ile mpya alitangulia kijana mwingine, na kijana yule alipomulika dari aliuona ufa mpana wa kupitisha kiganja. Wakarudi nyuma, wakaweka nguzo za miti ya mitundu. Thobias ndiye aliyekuwa akiisimulia habari hiyo kilabuni, akipaza sauti makusudi nikipita. Eti baada ya tambiko mwamba uliwafungulia siri yake. Eti bila damu ya yule mbuzi wangekwisha kufa wote. Mbuzi! Mbuzi wangu ndiye aliyewaokoa. Nilisimama njiani na ndoo yangu ya maji kichwani, nikamsikiliza mdogo wangu akimsifu mbuzi mpaka mwisho, halafu nikaenda zangu.

Na kazi yangu ikafa. Hakuna aliyeleta tochi tena. Walisema tochi iliyoguswa na mimi ina mkosi, itawazimikia chini. Walikwenda kwa yule mtu wa redio wa Masumbwe, aliyekuwa akiwarudishia mbovu kuliko walivyopeleka, nao wakavumilia. Meza yangu ikakaa bila kitu. Nikaanza kupika maandazi, na bisibisi nikaitumia kufungulia makopo ya mafuta.

Marselino alikuwa amerudi na miwani, vioo vinene kama kitako cha chupa, vimefungwa kwa kamba nyuma ya kichwa. Kushuka hakushuka tena. Alimwambia Pantaleo kwamba amechoka, basi, na Pantaleo akaona ni kwa sababu ya aibu ya mkewe, akampa kazi ya kuponda mawe juu. Kiti kilabuni bado wanampisha. Mimi wananipa mgongo. Nilikuwa nikilifikiria hilo nikikanda unga, na nilikuwa nikikanda kwa nguvu.

Jioni moja jua halijazama, nilikuwa jikoni. Nikamsikia anapekua chumbani, anasogeza vitu. Ile tochi ilikuwa bado kwenye msumari wake, hakuna aliyeishika tangu siku ile, betri zake ni zile zile. Nikasikia anaziba kidirisha. Nikasikia swichi, ta! Nikaenda nikasimama mlangoni na mikono yangu ya unga.

Gunia lilikuwa bado ukutani. Juu yake palikuwa na kiduara kidogo cha mwanga, chekundu, kinachotetemeka, cha betri zinazokata roho. Marselino alikuwa amekisogelea, miwani yake karibu iguse ukuta.

"Mama Nyamizi," akasema, "hapa pembeni ulipashona kwa uzi wa bluu?"

"Palichanika. Nikapashona."

"Sikuwahi kupaona." Akapapasa ule mshono. Halafu akaitikisa tochi, akaipiga kwenye kiganja, akaimulika tena ukutani, akageuka kunitazama, mimi mwenyewe, usoni hasa, na amekunja uso.

"Mbona hafifu hivi?" akasema. "Hii betri imekwisha kabisa. Unaitunza vipi tochi, mwanamke?"

Jibu la zamani nilikuwa nalo tayari, lakini sikulitoa. Nikaipokea tochi kwa mikono ya unga, nikazitoa betri, nikaenda kuzipanga juu ya bati, zisubiri jua la kesho.